Modeli ya mteremko inapogoma: dalili, sababu na marekebisho

Kazi ya kukadiria kwa modeli ya kompyuta mawe ya mteremko yataanguka wapi ina hatua tatu. Unapiga picha nyingi za ukuta wa mwamba, kwa droni au kamera ya mkononi. Programu inazigeuza picha hizo kuwa wingu la nukta, yaani mamilioni ya nukta zenye vipimo zinazochora umbo la mwamba. Kisha programu nyingine inaangusha mawe ya kubuni juu ya umbo hilo (huu ndio mwigo), uone yatadundia wapi, kwa kasi gani, na yatasimama wapi. Kwa miteremko ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kama ya Kitonga, ya barabara ya Mbeya–Chunya inapopanda safu ya milima ya Mbeya, au ile ya kushuka Lupingu kutoka Ludewa, faida yake ni dhahiri: mwamba ni mrefu, njia iko chini yake, na hakuna mwenye akili timamu atakayeukwea na futi kamba.

Malalamiko ya watumiaji hujirudia, na mengi yanapelekwa kwa kompyuta wakati kosa lilifanyika mlimani siku ya kupiga picha. Ndiyo maana hapa chini ukaguzi wa picha na wa ardhini hutangulia ule wa programu. Jambo jingine la kuweka sawa mapema: modeli inajibu jiwe litatoka wapi, la ukubwa gani, na litafika wapi. Siku ya kuanguka haiijui. Wala haifai kwa tope. Maporomoko kama ya mlima Kawetere, Itezi, jijini Mbeya, Aprili 2024, yanahitaji hesabu nyingine kabisa.

Kwanza tazama juu

Usirushe droni wala kuchora alama ukiona lolote kati ya haya: vijiwe vidogo vinadondoka mfululizo bila upepo wala mnyama, ufa mpya juu ya ukingo wenye udongo mbichi ndani yake, maji yaliyokuwa meupe yanatoka kwenye mpasuko yakiwa na tope, mti uliosimama wima wiki iliyopita sasa umeinama. Hapo kazi ya picha imekwisha. Ondoka kwa upande, usikimbie kuteremka kwenye mstari wa mawe, zuia watu wasipite, kisha toa taarifa: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za wilaya na vijiji, na uongozi wa kijiji au mtaa kama kuna nyumba chini. Polisi ni 112.

Hata pakiwa shwari, rusha droni ukiwa pembeni, nje ya njia ya mawe, na kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kiwe mkononi kabla ya safari. Usichokonoe jiwe kwa mtaimbo ili kuona kama limelegea wakati barabara iko wazi.

Dalili: picha hazishikani, au modeli imejaa mashimo

Sababu ya kwanza kwa wingi inachekesha kidogo: picha zilitumwa kwa WhatsApp. Picha ikipitia huko kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa zake za ndani, yaani urefu wa fokasi, saa na mahali. Programu inabaki kubahatisha. Fungua sifa za faili. Kama jina la kamera halimo, omba picha asilia kwa kadi ya kumbukumbu, au zitumwe kama dokumenti.

Ya pili ni picha kutolaliana vya kutosha. Kila kipande cha mwamba kionekane kwenye picha tatu angalau, na vizuri zaidi tano au zaidi. Lenga picha jirani zilaliane kwa asilimia 80 na mistari ya kuruka kwa asilimia 70. Kwa vitendo, droni yenye kihisi cha inchi 1 na lenzi ya milimita 8.8 ikiwa mita 50 kutoka ukutani, picha moja hufunika kama mita 75 kwa 50. Basi piga kila baada ya mita 15 kwenda kando, na shuka mita 15 kwa kila mstari mpya. Kwa umbali huo piseli moja ni kama sentimita 1.4, kwa hiyo jiwe la sentimita 20 linapata piseli 14, linatosha kutambulika. Ukirudi nyuma hadi mita 100, jiwe hilohilo linabaki na piseli 7 na mipaka yake inaanza kupotea.

Ya tatu: kamera ilitazama chini tu. Mpango wa kuruka wa kiwanja cha shamba haufai ukuta wa mwamba. Ukiutazama kutoka juu, ukuta wa nyuzi 80 ni uzi mwembamba, na chini ya ukingo unaoning'inia hapaonekani kitu. Geuza kamera itazame ukuta uso kwa uso, kisha ongeza mstari mmoja wa kamera iliyoinuliwa kidogo ili kuona chini ya mabega ya mwamba. Hapo ndipo mawe mengi hutoka.

Ya nne ni mwanga. Ukuta wenye nusu jua na nusu kivuli humsumbua mtu na programu pia. Nyanda za juu ziko kusini ya ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua liko kaskazini na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini mchana kutwa. Wengi huuahirisha kwa sababu hiyo, nao wanakosea: kivuli kilichoenea sawasawa ni kizuri kuliko jua la vipande. Ongeza mwanga kwenye kamera kisha piga. Kinachotakiwa kukwepwa ni saa ambayo mstari wa kivuli unatembea ukutani, kwa sababu picha ya saa tatu na ya saa tano zitaonyesha kingo mbili tofauti za kitu kimoja.

Mwisho, mtikisiko. Droni ikienda mita 3 kwa sekunde na shata ikiwa 1/100 ya sekunde, picha inaburuzika sentimita 3, yaani piseli mbili. Kwenye 1/500 mburuziko ni milimita 6 tu. Upepo wa alasiri kwenye kingo za milima una mchango wake. Ruka asubuhi ukungu ukishaondoka. Na ukiwa juu kama Loleza, mita 2,600 na zaidi, hewa ni nyepesi na betri haidumu kama ilivyozoeleka bondeni. Rudi mapema.

Kwa simu: zima zumu, zima hali ya kupamba picha, funga fokasi, na usisimame sehemu moja ukizungusha simu. Programu inapima umbali kwa kulinganisha picha za mahali tofauti. Piga hatua, piga picha, piga hatua tena.

Dalili: modeli inapendeza, lakini imepinda kama bakuli

Hii ndiyo hatari zaidi kwa sababu haionekani kwa macho. Ukuta ulionyooka unatoka umebinuka katikati, wakati mwingine kwa makumi ya sentimita, na ripoti ya programu inasema kila kitu kiko chini ya piseli moja.

Chanzo cha kawaida ni picha zote kupigwa kwa mwelekeo mmoja sambamba. Programu inapojikadiria upotoshaji wa lenzi bila msaada, kosa dogo la lenzi hugeuka kuwa mpindo wa umbo lote. Tiba rahisi ni kuongeza picha za mshazari, nyuzi 15 hadi 30 kutoka kwenye mwelekeo wa kawaida, upande wa kushoto na wa kulia.

Chanzo cha pili ni alama za ardhini (nukta zilizopimwa mahali pake na zinazoonekana pichani) kuwa chache au kurundikwa barabarani chini, mahali rahisi kufika. Alama tatu ndizo kiwango cha chini cha hesabu. Kwa kazi ya kuaminika weka nane hadi kumi, zikiwemo za juu ya ukingo na za pande zote mbili. Za katikati ya ukuta usizipande. Chagua kona kali ya mwamba inayoonekana wazi pichani, kisha umwombe mpimaji aisome kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali) isiyohitaji kioo cha kurudisha mwale.

Ukaguzi: bakiza alama tatu au nne nje ya hesabu. Usiiambie programu kuwa zipo mpaka imalize. Tofauti kati ya vipimo vya modeli na vya mpimaji kwenye alama hizo ndiyo usahihi wako halisi. Ukikuta sentimita 3 kingoni na 25 katikati, umepata bakuli.

Dalili: mteremko umehamia kwingine

Umeweka modeli juu ya ramani, barabara haipo chini ya mwamba. Angalia kiasi cha kuhama, kitakutajia kosa lenyewe.

Umehama kama mita 300 na kitu? Ramani yako ya zamani ya 1:50,000 iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, na droni inasoma WGS84, mfumo wa setilaiti. Badilisha mfumo kwa programu. Usisogeze kwa mkono mpaka "ikae".

Umehama mamia ya kilomita? Umechanganya kanda za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda za longitudo. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36 mashariki, nao unapita kati ya Iringa mjini na Kitonga. Mjini namba ya mashariki inakaribia 800,000. Kitonga inakaribia 200,000. Mbeya yote iko kanda ya 36, ndiyo sababu timu inayotoka Mbeya huja na mpangilio wake wa kawaida na kushangaa.

Imekaa sawa kwa upana lakini iko juu au chini kwa mita nyingi? Setilaiti inapima urefu kutoka umbo la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Tumia modeli moja ya jeoidi (umbo la usawa wa bahari) kwa data zote. Na kumbuka kuwa droni nyingi huhesabu urefu kutoka pale zilipoondokea: ukiondokea juu siku ya kwanza na barabarani siku ya pili, seti mbili hazitakubaliana.

Dalili: ukilinganisha misimu miwili, mwamba wote umesogea

Kulinganisha mawingu mawili ya nukta ndiko kunakokaribia utabiri. Kipande kinachovimba polepole kabla ya kuachia kinaweza kuonekana, na mahali palipotoa vijiwe mara kwa mara panastahili jicho. Programu ya CloudCompare ni ya bure na ina njia ya M3C2 inayofaa kuta zenye umbo gumu. Lakini ukuta mzima ukiwaka rangi nyekundu, alama ya kusogea, usipige simu kwa mtu yeyote bado.

Mara nyingi ni nyasi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei; picha za Mei zina majani ya kimo cha mtu, za Oktoba zina mabua au majivu. Linganisha Oktoba na Oktoba. Mwisho wa kiangazi, moto ukishapita, mwamba uko uchi na hiyo ndiyo picha bora ya msingi, ila usubiri moshi upungue. (Hii si ruhusa ya kuchoma mlima.)

Kama si nyasi, ni mawingu mawili kutokaa sawa. Tafuta eneo lisiloweza kusogea, mfano kalavati la zege au mwamba mpana uliolala, ulinganishe hapo kwanza. Hapo tofauti inapaswa kuwa karibu na sifuri. Kama ni sentimita 6, basi sentimita 6 za ukuta nazo hazina maana.

Hesabu ya kukumbuka: kila wingu likiwa na kosa la sentimita 3, badiliko dogo unaloweza kulisadiki kwa uhakika wa asilimia 95 ni kama sentimita 8. Anayetangaza kusogea kwa sentimita 2 kwa data hiyo anasoma kelele.

Ukithibitisha kuwa kipande kimoja chenye mipaka wazi kimetoka zaidi ya kiwango hicho huku majirani wake wametulia, simama. Hapo hapahitaji picha nyingine, panahitaji mhandisi wa miamba, wiki hiyohiyo.

Dalili: mawe ya mwigo yote yanakwama juu

Kwa kawaida umeangusha mawe juu ya vichaka. Wingu la nukta huchora uso wa majani, na jiwe la kubuni hukwama kwenye kichaka kana kwamba ni ukuta wa zege. Chuja mimea kwanza. CloudCompare ina kichujio kinachoigiza kitambaa kilichotandikwa juu ya ardhi, nacho hufanya kazi vizuri kwenye mteremko wa wastani na vibaya kwenye ukuta wima. Ukutani chuja kwa rangi, au kata kwa mkono. Mahali ambapo kichaka kimefunika udongo kabisa hakuna nukta ya ardhi ya kuokoa. Paandikie kuwa ni pengo.

Sababu ya pili ni umbo lenye maelezo ya kupita kiasi. Mkato (mstari wa umbo la mteremko kutoka juu hadi chini) wenye nukta kila sentimita 5 unakuwa na meno ya msumeno, na jiwe la mita moja, ambalo programu nyingi za mkato hulichukulia kama nukta isiyo na upana, linanasa kwenye jino ambalo mlimani lingelivuka bila kulihisi. Punguza nukta za mkato ziwe kila nusu mita hadi mita moja. Programu ya mwigo ya Rockyfor3D yenyewe imekusudiwa gridi ya mita 2 hadi 10. Kuilisha gridi ya sentimita si kuongeza usahihi.

Dalili: mawe yanaruka hadi ng'ambo ya bonde

Angalia kwanza vigezo vya mdundo. Viko viwili: cha kusimama, kinachosema jiwe linabakiza kasi kiasi gani likigonga uso moja kwa moja, na cha kuserereka, kwa mwendo wa sambamba na uso. Thamani za kuanzia zinazotumika sana: mwamba mgumu safi 0.53 na 0.99; mwamba uliojitokeza wa kawaida 0.35 na 0.85, lundo la mawe 0.32 na 0.82, udongo wenye mimea 0.30 na 0.80. Kosa la kila siku ni kuacha thamani ya mwamba mgumu kwenye mteremko mzima, hata kwenye shamba la mahindi lililo chini. Gawa mkato kwa aina ya ardhi, kwa kutembea na kuangalia.

Sababu nyingine ni mkato uliochorwa kwa rula kwenye ramani badala ya kufuata njia ambayo maji yangefuata. Au jino moja la uongo, mabaki ya mti uliochujwa nusu, limekuwa ubao wa kurukia. Njia za mawe zikipaa zote kutoka nukta ileile, kuza hapo.

Kisha kuna ukaguzi wa penseli. Kutoka kichwa cha lundo la mawe lililo chini ya ukuta, chora mstari unaoshuka kwa pembe ya nyuzi 27.5. Mawe machache sana hupita pale mstari unapogusa ardhi. Kichwa cha lundo kikiwa mita 30 juu ya bonde, mpaka huo uko kama mita 58 mbele. Mwigo ukisema mita 200, mwigo ndio wa kujieleza.

Matokeo yakibadilika kila ukibonyeza kitufe, mawe ni machache. Angusha 1,000 au zaidi kwa kila chanzo, na usome kiwango ambacho asilimia 95 ya mawe hayakipiti, si jiwe moja lililofika mbali.

Dalili: nishati haina akili

Jiwe la mita moja ya ujazo, gnaisi au graniti, lina uzito wa tani 2.65 hivi. Likianguka mita 20 bila kugusa kitu linafika chini na kilojuli 520 na kasi ya karibu kilomita 71 kwa saa. Nishati haiwezi kuzidi uzito mara mvuto mara kimo, ila kama uliliwekea jiwe kasi ya kuanzia. Ukiona kilojuli 520,000, umeandika kilo kwenye sanduku la tani.

Tahadhari hapa: namba hii ndiyo huamua uzio. Vyuma vya kuzuia mawe huuzwa kwa madaraja ya nishati, kutoka kilojuli 100 hadi zaidi ya 4,500, na uzio uliozidiwa huongeza vyuma kwenye rundo linaloshuka. Kuchagua na kufunga uzio si kazi ya aliyepiga picha. Peleka hesabu kwa mhandisi aliyesajiliwa.

Dalili: modeli inasema pametulia, barabarani mawe yanaanguka

Modeli huangusha mawe pale tu ulipoiambia kuna chanzo. Wengi huweka chanzo popote mwinamo unapozidi nyuzi 45 au 50 na kuendelea. Nyanda za juu kanuni hiyo hukosa mambo matatu.

Kuzunguka Iringa mjini, vilima vina mabonge ya graniti ya mviringo yaliyokaa kwenye udongo. Mteremko unaweza kuwa wa nyuzi 25 tu. Bonge halingojei mwinamo, linangoja maji ya mvua yaondoe udongo ulioliegemeza. Chanzo hapo ni bonge lenyewe. Liwekee alama mojamoja, na kwenye mwigo lipe umbo la mviringo, kwa sababu jiwe bapa husimama mapema kuliko tufe.

Upande wa Rungwe, mtiririko mgumu wa basalti mara nyingi umelala juu ya majivu laini ya volkano. Majivu yanaliwa na maji, basalti inabaki inaning'inia, kisha nguzo zinakatika. Kamera ya kutazama chini haioni pango hilo kabisa. Pima kina cha kumomonyoka kwa picha za uso kwa uso. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia kila mwaka.

Kwenye gnaisi ya milima ya Mbeya, tatizo ni mpangilio wa matabaka na mipasuko. Tabaka likilala kuelekea barabarani kwa mwinamo mdogo kuliko wa ukuta, kipande kinaweza kuserereka nje. Programu hutafuta bapa hizi (nyuso za matabaka na mipasuko) yenyewe kwenye wingu la nukta, lakini huokota pia kuta za kuchimbwa na kingo za vivuli. Pima bapa kumi hadi ishirini kwa dira ya jiolojia mahali salama, ulinganishe. Zikitofautiana kwa nyuzi 3 au 4 ni kawaida. Zikitofautiana kwa 20, au zote zimegeuka kwa kiasi kilekile, rudi kwenye alama zako za ardhini, modeli imezungushwa.

Kama yote hayo yako sawa na mawe bado yanakuja, nenda kwenye mtaro. Hesabu mawe yaliyomo, pima kila moja pande tatu, andika umbali kutoka ukutani, na angalia makovu mapya kwenye lami na miti. Rekebisha vigezo vya mdundo mpaka mwigo uyaweke mawe pale yalipo kweli, kisha ndipo uulize kuhusu jiwe ambalo halijaanguka. Fanya hesabu hiyo kiangazi, mwenzako mmoja akiwa hana kazi nyingine ila kutazama juu.

Unapomkabidhi mhandisi au mjiolojia wa GST (Taasisi ya Jiolojia ya Tanzania), mpe picha asilia, orodha ya alama na mfumo wake wa ramani, makosa ya alama za ukaguzi, tarehe za mvua kubwa na za mawe kuanguka kama watu wa hapo wanavyozikumbuka, na ramani ya mapengo. Ramani ya mapengo ndiyo ataiomba kwanza.